Majani Yaliyofutwa Vumbi

Hadi leo, harufu ya majani ya mapera yaliyolowa hunirudishia kinyonga wetu.

Muuzaji alimleta mlangoni ndani ya katoni. Alikuwa mkubwa kuliko vinyonga wa kwetu, na muuzaji alisema ametoka milimani, mbali sana.

"Haina mambo mingi, mama. Inakulaka banzige na maji kidogo."

Mama alimnunua kwa ajili ya dada yangu, aliyekuwa mgonjwa na hakuweza kutoka kucheza.

Tulimtia kwenye kizimba, tukamwekea nzige, na maji kwenye sahani ya bati. Malori ya madini yalikuwa yanatumwagia vumbi jekundu usiku kucha, kwa hiyo kila asubuhi mama alikata matawi ya mapera ya kumwekea, akayafuta kwa kitambaa jani moja moja, hadi yakakauka.

"Isikule vumbi ya mine," alisema.

Dada hakuondoka karibu na kile kizimba.

"Mama, macho yake inaingia ndani."

Sahani ilikuwa imejaa. Mama akabadilisha maji.

Muuzaji alipopita tena asubuhi moja, mama alikuwa ametoka kufuta majani, na kinyonga alikuwa amekufa. Mama akamwuliza tumekosea wapi.

"Ile haijuake sahani," alisema bila haraka. "Inalambaka umande ku majani."

"Na haukutuambia?"

"Hamukuuliza. Zinakufaka, mama. Niko na ingine."

Akafungua katoni. Dada alijivuta kuja kuchungulia. Mama alikuwa bado ameshika kile kitambaa, na kilikuwa kimelowa umande.