Malkia Wangu wa Rangi ya Kucha

Nilihudhuria semina ya nyuki siku moja tu, nikarudi mtaani kwetu Pipeline nikijiita mtaalamu. Nikafungua mzinga wa kikundi chetu cha akina mama nyuma ya kanisa, nikamwona nyuki mnene, macho makubwa.

"Malkia ndiye huyu!"

Nikamtia rangi nyekundu ya kucha mgongoni, tumtambue siku nyingine. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Mueni, mwenyekiti wetu, akamwombea kabisa.

Jana mwalimu wa nyuki akaja kutukagua. Mlangoni mwa mzinga tukakuta nyuki wanamburuta malkia wangu nje, wanamng'ata mabawa.

"Wanamuua malkia!" nikapiga mayowe.

Mwalimu akainama, akamtazama. "Dada, huyu ni dume. Chakula kikipungua, madume hufukuzwa."

Mama Mueni akanigeukia polepole. "Na vile nilimwombea azae!"