Honi ya Pikapu ya Salim

Pikapu kuukuu ya Salim imeinuliwa juu hata kuipanda nataka stuli. Stelingi ilikuwa nzito, na waya zimefumana kama nywele za aliyeamka sasa hivi.

"Naihitaji alasiri, fundi. Usiniangushe," Salim akaniambia.

Nikamjibu kwamba sijazoea kuangusha watu. Kisha nikaziunga waya kwa kukisia rangi.

Nilipoijaribu vichochoroni mwa Mji wa Kale, kwenye kona ya kwanza honi ikaanza kulia bila kukoma, taa zote zikawakawaka, na stelingi ikakwama. Gari ikaziba njia mbele ya nyumba iliyokuwa ikimngoja bwana harusi.

Wanawake wakatoka na vigelegele. Nikapiga ukelele kwamba mimi ni fundi tu, lakini honi ikanizidi. Wakaniteremsha, wakanirashia marashi juu ya ovaroli yenye grisi, na bibi mmoja akanitia halwa mdomoni. Ilikuwa tamu, nikatafuna.

Honi ikakatika yenyewe. Kwenye kimya kile, Salim akatokea nyuma ya gari, anakuja kwa miguu, amevaa joho na kilemba, jasho linamtiririka.

"Fundi," akasema, "gari yangu i tayari?"