Pwani Hakuna: kwa Mutiso wetu wa tangi la mawimbi

Siamini hadi saa hii. Mutiso, mtu aliyeishi na mawimbi miaka kumi na tisa, ameuawa na maji ya mtaani. Kwao, mtaa wa Pipeline. Mchana kweupe, chapati bado ziko mezani.

Kwa wasiomjua: alizaliwa mtaa wa Jericho, akajifunza kuchomelea vyuma huko huko, na ndiye aliyeunda tangi la mawimbi kwenye lab ya chuo tunapofanya kazi. Mimi ni technician mwenzake. Kazi yangu ni kujaza maji, kupanguza maji na kumaliza mandazi.

Tangi lenyewe ni mfereji mrefu wa vioo. Upande mmoja kuna ubao unaosukumwa na mota. Tuliuita Kofi, maana ulikuwa unayazaba maji bila huruma.

Upande wa pili kuna mteremko wa mawe na wavu wa waya. Huo tuliuita Pwani. Wimbi likifika Pwani linamezwa, linaishia hapo. Bila Pwani linagonga ukuta, linarudi na hasira.

Ndiyo maana kabla ya kuwasha mota Mutiso alikuwa akipaza sauti: "Pwani ipo?" Nami najibu, "Ipo!" Kama mawe yametolewa kuoshwa, jibu ni "Pwani hakuna!" na kila mtu anaruka nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa safety training yetu yote.

Sasa niseme ukweli ambao nimeuficha miaka.

Siku moja nilitoa mawe nikaenda chai. Nikarudi, mandazi mdomoni. "Pwani ipo?" "Ipo!" Wimbi la kwanza likaenda, likagonga ukuta, likageuka, likakutana na la pili katikati. Yakapandana. Kioo kikapasuka kama bomu. Maji yalinibeba mimi na kilo zangu zote yakanibamiza kwenye kabati, vipande vya kioo vikifuata. Mutiso alinivuta kwa mshipi, mkono wake umechanika hadi kwenye kiwiko.

"Wewe kitambi, si ulisema ipo!"

"Nimezoea tu kujibu."

"Basi zoea kuangalia!"

Kwenye ripoti aliandika, "Kioo kilichoka." Daktari, mkuu wetu wa lab, kama unasoma hii: kioo hakikuchoka. Ni mimi.

Mwaka huu alijenga kichochoro chao cha Pipeline ndani ya tangi. Magorofa ya vipande vya mbao, ukuta wa godown, lile ghala la mwisho wa kichochoro, kwa bati nene, kifuniko cha soda kuwa kibanda cha Mama Zuhura, anayeuza viazi karai getini kwao. Akawasha Kofi. Wimbi likapita, nikashangilia kama mjinga. Likagonga ule ukuta, likarudi, likafagia kila kitu.

"Umeona? La kwanza linakutisha. Watu wanafia hili la pili, wameshuka kuokoa godoro."

Akaenda kuwaambia kwenye mkutano wa wapangaji. "Hapa kwetu pwani hakuna!" Mama Zuhura akamjibu, "Pwani ipo, baba. Mimi nimezaliwa huko!" Watu wakacheka wakakohoa. Nami nilikuwepo. Nami nilicheka.

Jumapili nilienda kwake kula. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu. Tulisikia mlio kama lori linamwaga mawe, tukatoka nje hadi kwenye ngazi. Maji yalikuja kichochoroni yakiwa yamebeba mabati, meza za vibanda, hata gari, linaviringishwa kama kopo. Yaling'oa geti la chuma. Yalipasua ukuta wa choo. Yakapita.

Kukawa kimya. Maji yakashuka kidogo. Watu wakaanza kuteremka.

Mama Zuhura alishuka kufuata karai na jiko lake. Nami, fundi wa mawimbi miaka yote hiyo, nilishuka kufuata viatu. Viatu, jamani!

Nyuma yangu nikasikia sauti ya lab: "PWANI HAKUNA!"

Miguu ilielewa kabla ya kichwa. Nikarudi ngazini nikashika chuma. Mama Zuhura hakusikia. Mutiso akanipita mbio, akamnyanyua mama wa watu pamoja na karai lake, akamtupa juu kwangu kama gunia.

"Shika, kitambi!"

Nikamshika. Mkono mwingine nikaunyoosha kwake. Vidole vyetu viligusana.

Maji yakawa yameshagonga ukuta wa godown. Yakarudi yamesimama, juu kuliko geti, mabati yakitangulia kama mapanga. Yalimpiga akiwa ananitazama. Nguzo ya geti ilikuwa nyuma yake. Nilisikia alivyoigonga, na bado nasikia.

Tulimtoa Jumatatu, chini ya lile geti. Mama Zuhura ndiye aliyemfunika, kwa leso yake mwenyewe. Aliniuliza jambo moja tu: "Kumbe pwani aliyokuwa akisema ni ipi?" Nikamweleza. Akakaa chini kwenye tope.

Wapangaji wa Pipeline, na mimi ni wa kwanza kukosea: maji yakipita, msishuke. Yanarudi. Aliwaambia.

Leo asubuhi nimeingia lab peke yangu. Nimepanga mawe, moja moja. Nimekaza wavu. Nimepiga magoti nikakagua mara tatu, na haya magoti mnayajua. Kisha nikasimama karibu na mota nikingoja mtu aniulize.

Lala salama, Mutiso. Pwani ipo, kaka. Safari hii nimeangalia.