Redio Ambayo Haikuonyeshwa

Jirani yangu, Fundi Redio, aliingia sinemani saa nane mchana amevaa koti alilovaa siku ya kumzika mkewe. Alikwenda peke yake. Filamu ilikuwa imetungwa na bintiye, na baba aliyeigizwa mle ndani alikuwa yeye.

Sijui nani alimwambia yule binti kwamba machozi ni chumvi, ukiona mchuzi haunogi unaongeza. Baba wa filamu alilia mara nne. Alimshika mkono mkewe mgonjwa, akatoa hotuba kama mgeni rasmi, huku vinanda vikilia kuliko wafiwa. Watu wakafuta macho. Fundi, kwa maelezo yake, alitazama viatu vyake.

Maana Fundi hajawahi kumhutubia mtu. Mkewe alipolala kitandani miezi mitano, yeye alikosa la kumwambia. Basi kila siku alichukua bisibisi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaifungua redio ndogo ya mkewe iliyozimika tena. Kila siku waya ni uleule wa betri, umechomoka. Mwezi wa tatu alimfuma mkewe akiuchomoa mwenyewe. Mama wa watu aligeukia ukutani akicheka, na Fundi akaurudisha waya polepole kuliko jana.

Haya alinisimulia mimi, mtu baki, siku niliyompelekea pasi yangu mbovu. Bintiye mwenyewe, Fundi hajawahi kumsimulia. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Jioni ile ya filamu nilikuwa kibandani kwake binti alipopiga simu, naye akaiweka kwenye spika.

"Baba, umeionaje?"

"Nzuri, mwanangu. Hongera sana."

"Niambie ukweli, baba. Watu wanasema kuna kitu kimekosekana."

Fundi akaiangalia redio ya mkewe rafuni. Nikamkonyeza: sema, mzee!

"Mama yako angefurahi," akasema.

"Ile hotuba niliibuni tu. Sikujua mlikuwa mnaongea nini mkiwa wawili."

"Aa, tulikuwa tunaongea ya kawaida tu."

Binti akaaga. Nilitamani kumpora mzee ile simu, lakini ningesema nini mimi?

Fundi aliishusha redio, ikiwa inaimba vizuri tu. Akafungua kifuniko cha nyuma kwa kucha, akauchomoa waya mwenyewe, kisha akaanza kutafuta bisibisi.