Mkate Mkavu wa Mama Skola

Enzi zetu, mtu akipika bila mayai, maziwa wala mafuta, majirani walijua hali ni ngumu wakampelekea bakuli la maharage. Siku hizi akifanya hivyo wanampiga picha. Haya nimefundishwa na binti yangu Jeni, anayesoma vitabu vya hadithi kwenye simu hadi ugali unapoa. Kila anaponisimulia naona ni kitabu kilekile: dada mmoja amechoshwa na kazi ya mjini, anarithi duka la vitabu kwa shangazi yake, anaanza kuoka keki zisizo na kitu chochote cha mnyama, majirani wanapendana, halafu mvua inanyesha na mwanaume mrefu anaingia kujikinga. "Mama, hizi hadithi zinaponya moyo," ananiambia. Naitikia tu. Mimi hadithi hiyo nimekulia ndani yake, Sumbawanga, na mwanaume aliyeingia na mvua alikuwa Mzee Leonsi mwenye nyumba, mabuti yake ya mpira yamejaa matope hadi magotini.

Wa rika langu mtakumbuka kipindi kile cha ruksa, serikali ilipofungulia milango biashara. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikaanza kurundikwa madukani. Mitumba ikaingia kwa marobota, na kwa baridi ile ya kwetu tukavaa bila maswali masweta yenye majina ya shule za Ulaya tusizojua zipo wapi. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa dirisha, akaweka biskuti, kiberiti na dawa ya mbu, akajiita mfanyabiashara. Sisi watoto tulicheza rede nyuma ya soko, mpira wa soksi kuukuu unaruka juu ya magunia ya dagaa wa Kipili, na mama zetu wanapiga kelele kwamba nguo za shule hazifuliwi na malaika.

Nyuma ya soko hilo ndipo lilipokuwa duka la vitabu la Mama Skola. Jina lake lilikuwa Skolastika, mjane wa mwalimu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu na mabenchi mawili. Palikuwa na vitabu vya shule, vitabu vya sala, maisha ya watakatifu, ngano za sungura, na riwaya za wapelelezi ambazo aliziweka rafu ya juu ili zifikiwe na watu wazima. Wanunuzi walikuwa wachache. Wasomaji walikuwa wengi, na yeye hakumfukuza mtu. Sharti lilikuwa moja: mlangoni palikuwa na beseni la maji na taulo, unanawa, unamwonyesha viganja pande zote mbili, ndipo unaingia. Nimewahi kumwona akimrudisha diwani.

Ukishasoma kurasa kadhaa, unapewa kipande cha mkate. Mkate wenyewe ulikuwa wa unga wa ulezi, ndizi mbivu zilizokwisha kuwa nyeusi maganda, boga lililopondwa, na togwa iliyochacha ili uumuke. Aliuoka kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Ulitoka mweusi, mzito, na ukiumeza haraka unakukumbusha kwamba una kifua. Hakutia yai, hakutia maziwa, na mafuta hayakukaribia sufuria ile kabisa. Siyo kwa sababu ya afya, wala kuwahurumia kuku.

"Mafuta yakishika kidole, yanashika karatasi," alikuwa akisema. "Na karatasi haiogeshwi."

Ijumaa za Kwaresima ndizo zilizokuwa siku kuu za duka hilo. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilitoka kanisani kwenye Njia ya Msalaba ikapitiliza kwa Mama Skola. Akina mama wengi macho yalikuwa yamechoka, au shule hawakuifikia, kwa hiyo sisi watoto tuliwasomea kwa sauti nao wakila mkate. Ulikuwa mkate halali kuliko yote. Paroko alishasema mara nyingi kwamba Ijumaa kinachokatazwa ni nyama tu; yai na maziwa havina shida. Lakini akina mama wa jumuiya yetu hawakutaka kupunguziwa kazi ya kwenda mbinguni. Mwenyekiti wao, Mama Dafroza, alipiga marufuku kila kilichotoka kwa mnyama, na nasikia alimtilia shaka hata jirani aliyevaa sweta la sufu.

Basi ruksa ikatuletea mkate mweupe. Ulikuja umefungwa karatasi ya nailoni, laini, ukiubonyeza unarudi. Pamoja nao ikaja siagi ya kopo. Mtoto aliyekula mkate mweupe uliopakwa siagi hakunawa mdomo siku nzima, ili wengine waone. Duka la Mama Skola likaanza kupwaya. Ijumaa moja nilisoma mbele ya akina mama watano tu, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

Mzee Leonsi alikuwa mtu wa sala, mbeba msalaba wa maandamano, na pia mwenye vyumba sita. Kijana mmoja mwenye televisheni, deki na jenereta alikuwa ameshamfuata akitaka chumba kile afungue banda la video. Mzee akaja kwa Mama Skola, tukiwa tunasikia.

"Dada Skolastika, mimi na vitabu hatuna ugomvi," alisema. "Lakini nyakati zimebadilika. Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi nitakuja mwenyewe. Nikikuta watu wamejaa wanasoma, kaa na chumba chako. Nikikuta benchi tupu, tusilaumiane."

"Njoo, Mzee Leonsi," alijibu Mama Skola. "Unawe mikono tu."

Aliondoka, na mama yule akakaa kwenye benchi kwa muda mrefu bila kushika kitabu. Hakuwa na mahali pengine. Duka ndilo pekee alilobakiwa nalo kutoka kwa mumewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikajiona ndiye wa kulinusuru.

Rafiki yangu alikuwa Kulwa, mtoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakajenga pembeni ya mji. Tulikaa kikao cha watu wawili chini ya ukuta wa shule. Tatizo tuliliona waziwazi: watu wanakimbilia mkate mweupe kwa sababu una mafuta, na wa Mama Skola hauna.

"Kwetu ukitaka mgeni asiondoke, unatia samli," alisema Kulwa.

Hoja ikapita bila kupingwa.

Ijumaa yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Skola alikanda donge lake, akatuachia tulihamishie kwenye sufuria na kulinda mkaa, akaenda zake kwenye Njia ya Msalaba. Hakuwa hata amefika kona Kulwa akatoa bakuli la samli chini ya sweta. Mimi nilikuwa na mayai manne ya kuku wa mama yangu, ambayo jioni nilipanga kumsingizia kicheche. Tulitia vyote, tukakoroga hadi mikono ikauma.

Jamani, harufu ile! Ilitoka mlangoni, ikavuka barabara, ikaingia sokoni. Akina mama waliotoka kanisani wakielekea makwao na khanga vichwani waligeuza njia. Waliofika mwanzo walikaa kwenye mabenchi, waliofuata wakakaa sakafuni, wengine wakasimama mlangoni mgongo ukilowa. Wanaume ambao hawajawahi kushika kitabu tangu wapate kipaimara waliomba kitabu, chochote tu, mradi wapewe na kipande. Mama Skola, pua imezibwa na mafua ya baridi ile, alirudi akakuta beseni lina foleni. Nilimwona akivua miwani na kuifuta, na nilijua si mvua.

Kisha akaingia Mzee Leonsi na mabuti yake. Akanawa, akaonyesha viganja, akapewa nafasi benchini, kipande mkononi na kitabu mapajani. Mimi nikaanza kusoma kwa sauti. Ilikuwa habari ya mtakatifu mmoja aliyeishi pangoni miaka mingi kwa mizizi na maji, na wote walionisikiliza walikuwa wakilamba vidole.

"Mnaona?" Mama Dafroza aliwaambia wenzake, mdomo umejaa. "Mfungo ukifungwa vizuri, hata ulezi unabadilika ladha."

"Ni neema," akajibiwa.

Mzee Leonsi alikula cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akiwa na cha nne alifunua ukurasa ili aonekane anasoma, akajikohoza, akasema, "Dada Skolastika, kwa kweli watu wamejaa. Chumba hiki..."

Mama Skola hakumsikiliza. Alikuwa anatazama ukurasa ule. Pale kidole gumba cha mzee kilipopita palikuwa na doa linalopitisha mwanga, na maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Akakichukua kitabu, akakiinua dirishani. Akachukua cha Mama Dafroza. Akachukua cha jirani yake. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajala, maana siku zote alikula wa mwisho. Akachukua kipande, akakibonyeza hadi vidole vikang'aa, akatutazama mimi na Kulwa.

"Nani?" aliuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniliza.

"Ni sisi, mama," nikasema. "Tumetia samli. Na mayai. Manne."

Mama Dafroza aliacha kutafuna. Kutema, hakutema.

Mzee Leonsi akasimama, akajifuta mikono kwenye koti. "Yesu wangu! Ijumaa ya Kwaresima! Nyumba yangu haiwezi kuwa mahali pa kuvunjia mfungo."

"Mzee Leonsi, umekula vinne," Mama Skola alimwambia.

"Nimekula bila kujua. Asiyejua hana dhambi. Baada ya Pasaka, dada, chumba nakihitaji."

Paroko alipopata habari alicheka, akarudia kwamba yai halijamkosesha mtu mbingu. Nikakimbia mbio hadi kwa Mzee Leonsi kumpelekea habari hiyo njema. Alinijibu kwamba yeye akishatoa neno hulishika, na kule ndani kwake nikaona jenereta ya yule kijana wa video.

Mama Skola hakutupiga, na mama yangu hakuwahi kuniuliza habari za mayai. Alichoniambia Mama Skola ni hiki, tukiwa tunafungasha: "Wewe ulitaka wakae. Mimi nilitaka wasome." Halafu akasema kitabu chenye kidole cha mtu hakiuziki tena, ni cha mwenye kidole. Akazunguka nyumba kwa nyumba na kikapu akimpa kila mtu alichokichafua. Mama Dafroza alijikuta na riwaya ya mpelelezi iliyojaa busu na bastola, na inasemekana aliimaliza kwa siku mbili akaomba ya pili. Vilivyobaki safi alipanda navyo lori la mahindi kwenda Chala kwa kaka yake. Nilisimama kando ya lori nikilia. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini lori halisubiri mtoto.

Chumba kikawa banda la video wiki iliyofuata Pasaka. Mchana kutwa watu walipigana mateke kwenye televisheni mle ndani, Ijumaa zikiwemo, na Mzee Leonsi, aliyechukia sana kuvunja mfungo, aliingia bure kwa kuwa ni mwenye nyumba. Hakuna aliyenawa mikono mlangoni, na hakuna aliyehitaji.

Sasa wenzangu tuliosoma pamoja tuna kundi letu kwenye simu. Kazi yetu kubwa humo ni kusikitika. Vijana hawasomi, hawaamkii, hawajui kukaa pamoja, wanakula keki isiyo na yai kwenye duka la vitabu na kitabu wanakitumia kuegemezea simu. Enzi zetu, tunaandikiana, majirani walikuwa majirani, mtoto alimsomea mtu mzima na mkate mmoja ulitosha jumuiya nzima. Na ni kweli, ulitosha. Nikikumbuka sauti za akina mama wale wakiitikia mwisho wa kila ukurasa kana kwamba ni sala, nami huitikia peke yangu.

Mwezi uliopita mmoja wetu alipita Sumbawanga akatutumia picha ya chumba kile. Siku hizi wanauza makava ya simu. Kundi likalipuka. "Jamani, Mama Skola wetu!" "Vijana wa leo wangejua walichokosa!" "Nani aliliua duka lile, lakini?" Sura za kulia zikashuka moja baada ya nyingine, na mimi nikaanza kuandika yangu.

Kulwa, ambaye sasa anafanya biashara ya ng'ombe kule Muze na huwa haandiki kitu, akaandika: "Siku video ilipofunguliwa tulikuwa benchi la mbele sote. Mnakumbuka picha ile ya mateke ilivyokuwa nzuri?"

Nilifuta nilichokuwa naandika.