Begi la Fundi

Fundi wa kompyuta wa pale sokoni Butembo haachi kifaa chake chochote mezani. Akilegeza skrubu moja, huirudisha bisibisi kwenye begi, hufunga zipu, hutega sikio kuelekea barabarani, kisha hufungua tena. Leo Mama Kaswera wa parokia amemletea kompyuta iliyogoma kuwaka. Ndani yake mna orodha ya familia zilizokimbia mashambulizi ya Oicha, na lori la unga haliwezi kuondoka kwenda Beni bila orodha hiyo. Fundi ananusa chaja kwanza.

“Mama, uliichargea wapi?”

“Kwa moulin, kule banasagaka mahindi.”

“Mahindi ikiisha mu moulin, courant ya umeme inaruka juu. Ulitaka ordinateur itusagie bunga?”

Anachomoa betri, anabonyeza kitufe kwa muda mrefu, anachomeka chaja yake mwenyewe. Kioo kinawaka. Mama Kaswera ananyoosha mkono, lakini fundi haiachii.

“Nitafutie bibi yangu kwanza. Furaha Issaka, na batoto betu babili. Tulipoteana ku Oicha.”

Mama Kaswera anapitisha kidole kwenye majina, polepole, hadi karibu na mwisho.

“Iko. Mulekera, kule Beni, mu nyumba ya masomo ya parokia. Batoto babili.”

Fundi anauliza tu lori limesimama wapi. Begi limekwisha kufungwa, liko begani.