Uzi Mwekundu Chini ya Kiti

Wenye magari wana tabia moja: gari likigoma, wote wanakimbilia boneti. Wanaume watano watainama, mmoja atashika waya asioujua, wa pili ataguna, wa tatu atasema "hiyo ni plagi tu" hata kama kilichopasuka ni tairi. Hakuna anayeinua kiti. Kwa miaka kumi na minane Sindano alikuwa akiwacheka, amekaa nyuma ya cherehani yake kubwa kwenye kibanda kilichobanwa kati ya mziba pancha na mpiga rangi, akishona viti vya magari.

Jina la Sindano alibatizwa na mafundi siku alipofika pale gereji: mwembamba, mwanamke peke yake katikati ya mikono ya oili, na ulimi wa kuchoma. Hakulikataa. Alichokikataa ni mahali walipomweka. Maana gereji nayo ina vyeo vyake. Juu kabisa yuko fundi wa injini, chini yake wa umeme, kisha mnyoosha bodi, mpiga rangi, mziba pancha, halafu ndiyo mshona viti, na baada ya mshona viti anafuata paka.

Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Sindano alijua magari kwa njia yake. Kiti kikishafika mezani kwake na kuvuliwa nguo, kilimweleza mwenye gari ni mtu wa namna gani: anakula akiendesha au hali, anabeba watoto au magunia, anaegemea upande gani akichoka. Aliwahi kukuta hereni chini ya kiti cha bwana mmoja ambaye mkewe hajatoga masikio. Alimrudishia kimyakimya ndani ya bahasha, na tangu siku hiyo bwana yule hakumwomba punguzo tena.

Na kazi yake ilikuwa kazi. Mshono wake ulinyooka kama umepigiwa rula, na kona zake hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Mama aliyemfundisha cherehani, mkali ajabu, alikuwa akimwambia kwamba mshono usio na alama ni mtoto asiye na mzazi. Kwa hiyo kila kiti cha dereva alichokishona, chini kabisa kwenye kona ya nyuma ya kushoto, mahali asipofika mtu, Sindano aliacha vipande vitatu vya uzi mwekundu. Hakumwambia yeyote. Ilikuwa siri yake na viti vyake, na alijivunia siri hiyo kuliko kibanda chenyewe.

Basi, Sindano alikuwa na kaka. Kaka huyu alikuwa dereva. Miaka ishirini na sita aliendesha magari ya watu: ya kampuni, ya mabosi, ya wake wa mabosi. Aliyaosha, aliyajaza upepo, aliyasemesha yakichelewa kuwaka, na kila jioni alikabidhi funguo akarudi nyumbani kwa miguu. Kampuni ilipofunga milango, ilimpa kiinua mgongo chake na barua ya kumshukuru. Barua aliitia kabatini. Kiinua mgongo alisema ni gari, basi. Gari moja la kukodisha, lake, la kuwalisha yeye na mkewe uzeeni. Akinunua zuri, amepona. Akiuziwa mbuzi kwenye gunia, hakuna kiinua mgongo cha pili, na mgongo wenyewe umeshachoka.

Alilipata. Au alidhani amelipata. Alikuja kibandani siku moja mbio mbio, macho yanang'aa.

"Mdogo wangu, nimeliona! Jeupe, safi, ndani kama sebule. Kesho twende wote. Daktari atakagua injini, wifi yako atapiga picha."

"Na mimi nitafanya nini?" Sindano akauliza.

"Wewe utakaa nyuma, uwe abiria wangu wa kwanza."

Sindano alicheka, lakini ilimchoma kidogo. Ndugu wa damu, gari linakaguliwa, na yeye anaalikwa kama abiria.

Daktari alikuwa fundi wa injini wa pale gereji. Aliitwa hivyo kwa kuwa alizisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma, mpini sikioni, macho ameyafumba. Akishasema, amesema. Hakukuwa na rufaa.

Yadi ya magari ilikuwa kando ya barabara kuu, imemwagiwa kokoto nyeupe, magari yamepangwa yakitazama njia. Mwenye yadi alijulikana kwa jina la Ndugu Yangu, kwa sababu kila mnunuzi alikuwa ndugu yake mpaka siku gari litakapogoma. Alipomwona Sindano anaingia na wifi yake, tabasamu lilimkwama nusu.

"Fundi wangu! Kumbe huyu ni...?"

"Kaka yangu, tumbo moja."

"Aa. Basi sote ni ndugu," akasema, akaenda kufunua boneti haraka haraka.

Hapa inafaa ieleweke kwamba Ndugu Yangu ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Sindano. Nusu ya viti vilivyoingia kibandani vilitoka yadi hii. Havikuja na magari yake. Vilikuja vimeng'olewa, vimepangwa kwenye pikapu, vikashonwa, vikarudi. Magari yenyewe Sindano hakuwa akiyaona.

Daktari aliegemeza bisibisi yake, akafumba macho. Kaka alisimama kando mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Hatimaye Daktari akainuka, akafuta mikono.

"Injini hii ukiipa maji na oili, itakuzika wewe."

Wifi akapiga kigelegele. Kaka akafuta macho, akasingizia vumbi. Ndugu Yangu alikuwa ameshatandaza karatasi za mauzo juu ya boneti la gari la pembeni, na kalamu juu yake.

Sindano, naye, alikuwa ameingia ndani. Alikaa kiti cha dereva, akapitisha kiganja pembeni, na kiganja kikatambua kabla ya kichwa. Mshono ulionyooka. Kona isiyo na mkunjo. Kifua kilimjaa. Alitaka kutoa kichwa nje apige kelele kwamba sebule mliyoisifia ni ya mikono hii! Akateremsha vidole chini, kona ya nyuma ya kushoto, akapapasa. Vipande vitatu. Akainama kuchungulia. Vyekundu.

Halafu akakumbuka, na furaha yote ikamtoka.

Viti hivi vililetwa kwake miezi miwili nyuma na maagizo ya ajabu: sponji isiguswe, nguo mpya ivishwe juu tu. Sponji ilikuwa na harufu, harufu ya dimbwi. Alipouliza, Ndugu Yangu alimwambia maziwa yalimwagika. Maziwa! Nani hajui harufu ya maziwa? Lakini siku ile kazi ilikuwa nyingi, mteja ni mkubwa, na Sindano aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Akashona. Akashona vizuri kuliko siku zote.

Aliushika mkanda wa kiti, akauvuta. Watu huuvuta mkanda mpaka kifuani tu. Yeye aliuvuta mpaka mwisho, mpaka ukakataa. Sehemu ya juu ilikuwa nyeusi, ya ndani kabisa ilikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka, mahali maji yaliposimama. Gari hili liliwahi kuzama.

Alipoinua uso, Ndugu Yangu alikuwa ameinama dirishani.

"Fundi wangu," akanong'ona, "wiki ijayo nina basi zima. Viti vyote. Nilikuwa nakuwazia wewe tu."

Sindano aliuachia mkanda ukajirudia. Kupitia kioo cha mbele alimwona kaka yake anaishika kalamu, anaigeuza geuza, anatafuta mahali pa kutia sahihi. Miaka ishirini na sita ya kukabidhi funguo za watu. Sindano alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua, na akisema, itabidi aseme yote, pamoja na yake mwenyewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akashuka.

"Kaka, iweke chini hiyo kalamu. Gari hili limelala kwenye maji."

Daktari ndiye aliyeanza kucheka.

"Leo mshona viti anamfundisha daktari kazi?"

"Mdogo wangu," kaka akasema kwa upole wa kumstahi mtoto mbele ya wageni, "hapa tunazungumzia injini."

"Injini huoshwa, Kaka, na hubadilishwa. Viti hivi nimevishona mimi."

"Si ndiyo vizuri!" wifi akadakia. "Vimependeza!"

"Vimependeza kwa sababu nilikuwa nafunika uozo, wifi. Sikujua ni wa gari gani, lakini harufu niliisikia. Niliambiwa maziwa, nikameza. Hilo ni kosa langu, na nalisema hapa hapa."

Ndugu Yangu alipandisha sauti. Ushahidi uko wapi? Watu wanachafua biashara za watu kwa wivu! Sindano hakubishana naye. Alitoa kwenye mkoba kisu chake kidogo cha kufumulia, ambacho hatembei bila kuwa nacho, akarudi kwenye kiti cha dereva.

"Ukikikata umenunua gari!" Ndugu Yangu akafoka.

"Sikati. Mshono ni wangu, naufumua mwenyewe."

Akaanza na ule uzi mwekundu. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akafuata mstari wote, ule mzuri, ulionyooka kama rula, nao ukaachia kwa sauti ndogo, tik, tik, tik. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Haikuwa kazi mbaya, ilikuwa kazi nzuri iliyowekwa mahali pabaya. Alipoifunua nguo, akaingiza mkono kwenye sponji na kuipasua katikati kwa vidole. Tope kavu lilimwagika kwenye zulia, laini kama unga. Ndani ya tope mlikuwa na konokono wa majini, mdogo kama punje ya mahindi.

Sindano alimweka kiganjani, akamkabidhi kaka yake.

"Huyu hakuja na maziwa."

Hapo Daktari alifanya jambo ambalo Sindano hakulisahau. Hakubisha. Alilala chali chini ya usukani, akachomoa kishikizo cha nyaya, akakitazama, akatoka amekishika. Vyuma vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Miezi mitatu," akasema taratibu. "Labda minne. Baada ya hapo taa, breki, kila kitu kingekufa kimoja kimoja. Nilisikiliza moyo, sikutazama miguu." Akamgeukia Sindano mbele ya wote. "Nimekosa, fundi."

Fundi. Hakusema mshona viti.

Kaka alikunja karatasi za mauzo mara nne, akazirudisha juu ya boneti. Alimshika dada yake bega, wakaondoka kwa miguu. Ndugu Yangu aliwafuata mpaka getini akidai kiti chake kishonwe. Sindano alimjibu bila kugeuka kwamba alete sponji mpya, ama kikae wazi hivyo hivyo.

Basi lile zima, bila shaka, lilikwenda kwa fundi mwingine. Miezi miwili viti viliingia kwa nadra, na Sindano alishona mifuko na mapazia ili mkono usisahau. Wapo waliomwambia amemwaga unga wake mwenyewe. Aliwajibu kata pua uunge wajihi, heri upoteze kidogo uhifadhi heshima, na siku nyingine, akiwa na njaa, aliwajibu vibaya zaidi.

Kisha wakaanza kuja. Wa kwanza aliletwa na Daktari mwenyewe, bwana mmoja aliyekuwa anataka kununua gari la familia. "Mimi nimeshasikiliza," Daktari akamwambia yule bwana, "sasa muache fundi akae." Sindano aliingia, akavuta mikanda mpaka mwisho, akapapasa reli za viti, akainua zulia, akanusa. Akakaa dakika tano kwenye kiti cha dereva. "Chukua," akasema. "Ila mwenyewe alikuwa mvuta sigara na mchoyo, hajawahi kuliosha." Siku hizi hakuna mtu wa gereji ile anayenunua gari kabla Sindano hajalikalia. Mziba pancha anasema paka naye amepandishwa cheo kwa kuwa jirani yake.

Na kaka? Alinunua gari la mwalimu mstaafu, baya kwa sura kupita maelezo, mlango mmoja wa bluu na mitatu ya kijivu. Chini ya viti palikuwa na chaki, pini za nywele na vumbi kavu la miaka kumi na tano. Daktari alilisikiliza, Sindano akalikalia, wote wawili wakasema ndiyo. Sindano alivishona viti vyake kwa wiki nzima, sponji mpya, nguo mpya, na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Juzi alipanda gari hilo kwenda kununua nyuzi, akakaa nyuma. Mbele alikuwa abiria mwingine, kijana wa ofisini, mpenda kutafuta kasoro. Alichunguza, akanyoosha kidole kwenye kiti cha dereva, juu kabisa karibu na bega, mahali panapoonekana na kila anayeingia.

"Mzee, mbona hapa fundi wako amekosea? Nyuzi tatu nyekundu kwenye kiti cheusi."

Kaka hakugeuka. Alibadilisha gia bila papara, jinsi mtu anavyobadilisha gia ya gari lake mwenyewe.

"Hajakosea," akasema. "Hilo ni jina la dada yangu."

Sindano alitazama nje dirishani mpaka walipofika.